Daftari la Diski na Watunzaji Wake

Nilipokuwa mwalimu kijana, mkaguzi mmoja mzee alitufundisha kwamba mtu akitaka kuijua shule aanze na madaftari yake. Yeye hakukimbilia darasani, wala hakutaka kuimbiwa nyimbo. Aliketi ofisini, akaomba daftari la uandikishaji, la mahudhurio na la mali, akaanza kuyalinganisha moja kwa jingine. Daftari la uandikishaji likipotea, alituambia, watoto watakuwapo, wamekaa madarasani, lakini shule haitawajua: nani aliingia lini, katoka wapi, mzazi wake ni nani.

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi tangu nistaafu, kwa kuwa siku hizi asubuhi zangu huzitumia kusoma habari za kompyuta, jambo linalowachekesha wajukuu. Ndani ya kila diski mna daftari. Diski yenyewe ni uwanja mtupu wenye mamilioni ya vipande vidogo vilivyo sawa, ambavyo wataalamu huviita bloku, na hakuna bloku inayojua imebeba barua ya nani. Anayejua ni daftari, na daftari hilo ndilo liitwalo mfumo wa mafaili. Watu wengi wameandika juu ya Linux na juu ya mwanzilishi wake. Mimi nataka kueleza habari za kundi dogo la programu ambazo kazi yake ni kulipiga mistari daftari hilo, kulikagua na kulirekebisha, pamoja na watu waliozitunza kwa zaidi ya miaka thelathini. Kundi hilo huitwa e2fsprogs. Jina halipendezi kinywani, lakini simu nyingi za Android na seva nyingi za dunia zimewahi kulitegemea bila wenyewe kujua.

Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, alipoitangaza Linux mwaka 1991. Aliijenga kwenye kompyuta iliyokuwa ikitumia Minix, mfumo mdogo ulioandikwa na Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam kwa ajili ya kufundishia, uliotoka mwaka 1987. Ili aweze kuhamisha mafaili yake huku na huku bila taabu, kijana yule aliuchukua muundo wa daftari la Minix kama ulivyo. Muundo ule ulikuwa wa darasani kweli. Diski haikuweza kuzidi megabaiti 64, na jina la faili halikuweza kuzidi herufi 14. Kwa mwanafunzi anayejifunza inatosha. Kwa watu walioanza kuitumia Linux kwa kazi zao za kila siku, kiatu kilianza kubana mapema sana.

Mwezi Aprili 1992 Rémy Card, aliyekuwa Paris, akatoa muundo mpya ulioitwa ext. Huu ulifika gigabaiti 2 na majina ya herufi 255. Lakini ulikuwa na kasoro yake. Nafasi tupu za diski ziliandikwa kwa mtindo wa mnyororo, hii ikiitaja ile na ile ikiitaja nyingine, na kadiri diski ilivyotumika mnyororo ule ulizidi kuvurugika, mafaili yakatawanyika vipande vipande. Tena ext haikuweza kutofautisha wakati faili liliposomwa na wakati lilipobadilishwa. Kwa hiyo Januari 1993 zikatoka kazi mbili zilizoshindania nafasi moja: ya Frank Xia, iliyoitwa Xia, na ya Card mwenyewe, iliyoitwa ext2. Mwanzoni Xia ndiyo iliyokuwa imara zaidi, kwa sababu ilijengwa juu ya Minix iliyozoeleka. Faida ya ext2 haikuonekana siku ile. Waandishi wake waliacha nafasi tupu katika kurasa zake, kwa ajili ya mambo ambayo wao wenyewe hawakuyajua bado. Miaka michache baadaye Xia ilikuwa imekwisha sahaulika.

Desemba 1994, katika mkutano wa Linux uliofanyika Amsterdam, watu watatu walitoa maelezo ya ext2 kwa pamoja: Card wa Paris, Theodore Ts'o wa chuo cha MIT huko Marekani, na Stephen Tweedie wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Maelezo yale hayakuhusu muundo wa daftari peke yake. Sehemu nzuri ilihusu programu za kulitunza, nami naona hapo ndipo kazi ilipokomaa. Muundo bila mtunzaji ni mchoro wa nyumba.

Majina ya programu hizi yatamchosha msomaji, basi nitataja tatu tu. Iko mke2fs, inayolipiga mistari daftari jipya. Iko e2fsck, inayolikagua. Na iko tune2fs, inayobadili masharti ya daftari ambalo limekwisha anza kutumika.

Nianze na kupiga mistari, kwa sababu ndiyo kazi inayodhaniwa kuwa nyepesi. Kila faili katika diski hupewa mstari wake mmoja, uitwao inodi. Katika inodi huandikwa ukubwa wa faili, mwenyewe, saa lilipobadilishwa, na bloku zilikokaa habari zake. Kitu kimoja hakimo: jina. Jina huandikwa mahali pengine, katika orodha ya kijalada, mbele yake ikitajwa namba ya inodi. Naomba msomaji alishike hilo, maana nitalirudia.

Sasa, mke2fs inapoandaa diski mpya, ni lazima iamue papo hapo itapiga mistari mingapi. Siku hizi, kwa diski ya kawaida, hupiga mmoja kwa kila baiti 16,384. Idadi hiyo ikishawekwa haiongezwi, ila kwa kulipanua daftari zima. Mtu anayehifadhi picha na filamu atajaza diski yake akiwa ametumia mistari michache tu, iliyobaki ikawa imepotea bure. Mtu anayehifadhi barua fupi fupi kwa mamilioni atakutwa na jambo la ajabu: diski ina nafasi tele, lakini kompyuta inamwambia hakuna nafasi. Mistari imekwisha. Mwalimu yeyote aliyewahi kupokea wanafunzi zaidi ya mistari ya daftari lake anaelewa, ila yeye aliweza kubandika karatasi ya ziada kwa gundi.

Halafu kuna akiba. Tangu zamani mke2fs hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya msimamizi mkuu wa kompyuta peke yake, ili watumiaji wakiijaza diski, huduma za mfumo zisisimame, naye apate pa kukanyaga anaposafisha. Kipimo hicho kiliwekwa wakati diski zikihesabiwa kwa megabaiti. Katika diski ya terabaiti moja, asilimia 5 ni gigabaiti 50, chakula cha kijiji kizima kimefungiwa ghalani. Amri moja ya tune2fs hupunguza kiwango hicho, lakini wengi hawaijui, na kiwango cha kawaida kimebaki kilekile.

Nalo daftari lina ukurasa wa kwanza unaoeleza daftari lenyewe: lina bloku ngapi, inodi ngapi, lilifunguliwa mara ngapi. Ukurasa huo ukiharibika, mengine yote hayasomeki. Kwa hiyo mke2fs hunakili ukurasa huo sehemu mbalimbali za diski. Zamani ulinakiliwa katika kila kundi la bloku; baadaye ikaonekana ni ubadhirifu, ukawekwa katika makundi machache tu yaliyochaguliwa kwa hesabu ya vipeo vya 3, 5 na 7. Katika diski nyingi za leo nakala ya kwanza imo katika bloku namba 32768. Najua wasimamizi wa kompyuta walioiandika namba hiyo kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Ukaguzi ndio sehemu niipendayo zaidi, labda kwa sababu ya yule mzee. Mkaguzi wa kwanza wa ext2 alitokana na programu ambayo Torvalds aliiandikia daftari la Minix. Ilikuwa ya polepole na ilijua makosa machache. Ts'o akaiandika upya tangu mwanzo. Kabla ya kuiandika e2fsck yenyewe, aliandika maktaba ya kazi ndogo ndogo zinazojua kusoma na kuandika daftari la ext2, kisha programu zote zikatumia maktaba hiyohiyo. Hivyo ujuzi wa daftari ukakaa mahali pamoja, na kasoro ikirekebishwa pale, imerekebishwa kwa wote.

Ukaguzi huenda kwa duru tano. Katika ya kwanza e2fsck hupita inodi zote, moja baada ya nyingine, ikiuliza kama kila moja inaeleweka na kama hakuna bloku inayodaiwa na mafaili mawili. Katika ya pili hukagua orodha za vijalada. Katika ya tatu huhakikisha kila kijalada kinafikika kutoka mlango mkuu. Katika ya nne huhesabu ni majina mangapi yanayoielekea kila inodi. Katika ya tano hulinganisha hesabu ya nafasi tupu iliyoandikwa na ile iliyoonekana. Mpango huu una hekima ya kiuchumi. Diski za siku zile zilikuwa na mkono unaosogea juu ya sahani, na kusogea ndiko kulikokula muda. Kwa hiyo duru ya kwanza hukusanya habari nyingi iwezekanavyo na kuzishika kichwani, ili duru zinazofuata zisilazimike kurudi tena kwenye mistari ileile. Mkaguzi mwenye daftari lake la kumbukumbu humaliza shule kabla ya mchana. Asiye nalo huwaita walimu walewale mara nne.

Niliiona kazi hiyo kwa macho yangu mwaka 2004, katika chuo cha ualimu nilichokuwa nikikiongoza. Tulikuwa na kompyuta moja katika ofisi ya taaluma iliyotumia Linux, kwa sababu mkufunzi mmoja kijana alijua kuiweka na haikuhitaji kununuliwa leseni. Mfumo wake wa mafaili ulikuwa ext2, wa miaka ya nyuma. Ndani yake zilikuwamo alama za mazoezi ya kufundisha za wanachuo wa mwaka wa pili, zilizokusanywa kutoka shule walikopangwa, nyingine za mbali kabisa. Alasiri moja ya mvua umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Ulipotulia kompyuta iliwaka nusu tu, ikaandika kwamba imeona kasoro isiyotarajiwa, na kwamba mtu aendeshe ukaguzi kwa mkono.

Kijana yule aliketi zaidi ya saa moja akijibu maswali ya e2fsck. Kisha akaja ofisini kwangu, akasimama mlangoni.

"Mkuu," aliniambia, "majina yamepotea, lakini yaliyomo yapo."

Nilimtaka anieleze, naye akanieleza vizuri hata leo nashindwa kuliboresha somo lake. Orodha ya kijalada kimoja ilikuwa ikiandikwa wakati umeme unakatika, ikaharibika. Inodi za mafaili yaliyokuwa katika kijalada kile zilikuwa salama mahali pake, ila hapakuwa na jina lolote linalozielekea. Mkaguzi akikuta inodi yenye habari lakini haina jina, haifuti. Huipeleka katika kijalada maalumu kiitwacho lost+found, yaani vilivyopotea na kuokotwa, na kuipa namba yake iwe jina. Tulikifungua. Mlikuwa na mafaili thelathini na kitu, kila moja ni alama ya reli na tarakimu, kama watoto waliookotwa sokoni ambao hakuna anayejua kwao.

Jioni tatu mfululizo mkufunzi yule, makamu mkuu wa chuo na mimi tulikaa na fomu za karatasi za wasimamizi, tukafungua faili moja moja, tukasoma alama mbili tatu za juu, tukazitafuta katika fomu, tukalirudishia faili jina lake. Moja lilikuwa limekatika katikati, tukaliandika upya kutoka kwenye karatasi. Wanachuo walipewa matokeo kwa tarehe iliyopangwa na hawakujua lolote. Sina budi kusema kwamba kama programu ile ingekuwa na tabia ya kufuta isichokitambua, zaidi ya vijana mia moja wangerudishwa shuleni kufundisha tena, au tungeyatafuta matokeo yao kwa kubahatisha.

Tabia hiyo haikuja kwa bahati. Ndani ya e2fsprogs mna mkusanyo wa diski ndogo ndogo zilizovunjwa. Kila mara ilipogunduliwa namna mpya ya kuharibika, watunzaji walitengeneza mfano mdogo wa uharibifu huo wakauhifadhi, pamoja na maandishi ya jibu linalotakiwa. Mtu akitaka kubadili chochote katika programu, mifano yote hupitiwa upya. Na kila diski iliyovunjwa hukaguliwa mara mbili. Mara ya kwanza e2fsck irekebishe; mara ya pili isione kosa hata moja. Nimesahihisha mitihani kwa miaka karibu arobaini, na sharti hilo la mara ya pili lilinifanya niweke kitabu chini nifikiri kidogo. Ni wangapi kati yetu tuliwahi kusahihisha insha ya mwanafunzi, kisha tukampa insha ileile iliyosahihishwa tuone kama imesimama?

Zamani ext2 ilikaguliwa hata bila kuumwa. Diski ikishafunguliwa mara ishirini na kitu, au zikipita siku 180, kompyuta ilisimama wakati wa kuwaka na kuikagua yote. Idadi ya mara iliweza kubadilishwa kwa tune2fs, na ushauri ulikuwa kuzipa diski mbalimbali idadi tofauti, zisije zikaangukia siku moja. Wazo lilikuwa jema. Diski huharibika polepole bila kupiga kelele, na asiyekaguliwa hujiona mzima. Lakini diski zilizidi kukua, ukaguzi ukala saa nzima au zaidi, mara nyingi asubuhi ambayo mtu anaihitaji kompyuta kuliko siku zote. Kuanzia toleo la 1.42, la mwaka 2011, ukaguzi wa lazima ukaacha kuwekwa katika diski mpya. Anayeutaka auombe. Mimi nasikitika kidogo, ingawa naelewa.

Kilichopunguza haja ya ukaguzi ule ni shajara. Stephen Tweedie alieleza mpango wake mwaka 1998: kabla ya kuligusa daftari, kompyuta iandike kwanza katika shajara kile inachokusudia kufanya, iweke alama kwamba maandishi yamekamilika, ndipo ifanye. Umeme ukikatika, kazi iliyoandikwa kikamilifu itamaliziwa, na isiyokamilika itaachwa kana kwamba haikuwapo. Muundo huo uliitwa ext3, ukaingia katika Linux rasmi Novemba 2001.

Wakati uleule zilikuwapo njia nyingine zenye shajara. ReiserFS iliingia miezi kadhaa kabla, mwanzoni mwa mwaka 2001, nayo ilisifiwa sana kwa wepesi wake na mafaili madogo. Lakini mtu aliyetaka kuhamia huko ilimbidi ahamishe vitu vyote, apige mistari upya, avirudishe. Aliyetaka kuhamia ext3 aliandika amri moja ya tune2fs, na daftari lake la zamani likapata shajara huku mafaili yakiwa mahali pake. Liliweza kuongezewa hata likiwa linatumika. Na kama halikupendeza, likifungwa vizuri lilifunguka tena kama ext2 ya kawaida. Hivyo ndivyo mkufunzi wetu alivyofanya wiki moja baada ya mvua ile. Kazi yenyewe haikumaliza chai iliyokuwa kikombeni. Nimesoma sifa nyingi za ufundi wa mifumo iliyoshindana miaka ile, na sijashawishika kwamba ext3 ndiyo iliyokuwa na kasi kuliko zote. Ilishinda kwa sababu haikumfukuza mtu nyumbani kwake. Linux iliyotoka Januari 2025 haina tena ReiserFS.

Kadiri diski zilivyokua ndivyo ext3 nayo ilivyobanwa. Namba ya bloku iliandikwa kwa biti 32, na kwa bloku za kilobaiti 4 mwisho wake ni terabaiti 16. Mwaka 2006 Ts'o alitangaza mpango wa ext4, na Desemba 2008 ikahesabiwa kuwa imekomaa, yenye namba za bloku za biti 48. Iliacha pia desturi ya kuorodhesha kila bloku ya faili kubwa. Badala yake iliandika "kuanzia hapa, bloku elfu moja," na kuendelea. Magazeti ya kompyuta yaliandika juu ya uwezo wake mpya kwa shangwe.

Jambo lisiloandikwa sana ni kwamba wakati Linux ilipoweza kuendesha daftari la zaidi ya terabaiti 16, programu za kulipiga mistari na kulikagua hazikuweza. Ile maktaba iliyokuwa fahari yao ilikuwa imejaa namba za biti 32, kila kazi ikitegemea nyingine, na nje yake zilikuwapo programu za watu wengine zilizoitegemea kama ilivyo. Isingewezekana kubadili tu. Ilibidi kila kazi iandikiwe ndugu yake mpya mwenye namba ndefu, na ya zamani iachwe ikiendelea kufanya kazi. Walioibeba kazi hiyo ni wachache. Valerie Aurora alikuwa mmoja wao. Ilikamilika katika toleo lilelile la 1.42, Novemba 2011. Ni takriban miaka mitatu tangu ext4 itangazwe kuwa imekomaa. Serikali nyingi nimeziona zikifungua jengo jipya kwa utepe, na daftari la mali likafuata baada ya miaka mitatu, lakini hapa angalau lilifuata.

Uvumilivu huo ulilipa. Mwaka 2010 kampuni ya Google, iliyokuwa ikitumia ext2 katika seva zake, iliamua kuhamia ext4, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba ingeweza kulipandisha daza daftari la zamani hadi jipya bila kuhamisha mafaili. Na mwaka 2015 programu ya ext3 ilipoondolewa ndani ya Linux, hakuna aliyekosa mafaili yake, kwa kuwa programu ya ext4 inayasoma madaftari ya ext3 na ya ext2 pia. Diski iliyopigwa mistari katika miaka ya tisini bado inafunguka.

Nyuma ya haya iko kanuni moja ambayo ningependa ingefundishwa vyuoni. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari huandikwa orodha ya mambo mapya yaliyomo, na mambo hayo yamegawanywa mafungu matatu. La kwanza ni yale ambayo Linux ya zamani isiyoyajua inaweza kuyapuuza bila madhara. La pili ni yale ambayo ikikuta haiyajui, isome tu, isiandike. La tatu ni yale ambayo ikikuta haiyajui, isifungue kabisa. Lakini e2fsck imewekewa sharti gumu zaidi ya Linux yenyewe. Ikikuta jambo jipya isilolielewa, hata lile la fungu la kwanza lisilo na madhara kwa msomaji, inakataa kugusa. Msomaji anaweza kuruka neno asilolijua. Msahihishaji akifanya hivyo atalikata.

Kanuni hiyo ina gharama yake, na gharama ilionekana mwaka 2023. Februari mwaka huo lilitoka toleo la 1.47.0, ambamo mke2fs iliagizwa kuweka mambo mawili mapya katika kila diski ya ext4 inayotengenezwa. Kila moja lilikuwa na faida yake. Lakini diski iliyotengenezwa kwa toleo hilo haikukubaliwa na e2fsck za zamani, na GRUB, programu inayoiwasha kompyuta, haikuwa tayari kwa mojawapo ya mambo hayo. Debian, mojawapo ya jumuiya kubwa zinazosambaza Linux, ilikuwa inakaribia kutoa toleo lake la 12. Ts'o mwenyewe ndiye anayeitunza e2fsprogs ndani ya Debian. Pakatokea mabishano. Wengine walisema mambo haya yamekuwapo ndani ya Linux kwa miaka kadhaa, tutasubiri hadi lini? Wengine wakauliza atakayeandaa diski kwa mashine mpya ili iwashwe na mfumo wa zamani atamlalamikia nani? Mwishowe mambo yale mawili yakazimwa katika masharti ya kawaida ya Debian 12, iliyotoka Juni 2023, na anayeyataka akaachiwa ayawashe mwenyewe.

Mimi niko upande wa waliotaka kusubiri. Masharti ya kawaida ya mke2fs hukaa katika faili moja dogo la maandishi ambalo watu wachache mno hulifungua. Kwa hiyo mtu anayeliandika anawaamulia mamilioni, nao hawajui kwamba kuna jambo lililoamuliwa. Hata hivyo naziona nguvu za upande wa pili. Mwaka 2016 toleo la 1.43 liliwasha kwa kawaida alama za uhakiki, zinazoiwezesha kompyuta kutambua ukurasa wa daftari ulioharibika kabla ya kuuamini. Kama wangesubiri mpaka mashine ya mwisho ya zamani izimike, alama hizo zisingefika kwa mtu hata leo.

Lipo jambo jingine la namna hiyo ambalo saa yake inajulikana. Inodi za zamani zilikuwa na baiti 128, na saa ndani yake huandikwa kwa kuhesabu sekunde tangu mwaka 1970, katika namba ya biti 32. Namba hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Afrika Mashariki ikiwa ni saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Kuanzia mwaka 2008 mke2fs hupiga inodi za baiti 256, zenye nafasi ya kuhesabu hadi mwaka 2446. Diski ndogo zilikuja kufuata baadaye sana. Kwa hiyo waliopiga mistari kwa mtindo wa zamani, na hao ni wenye ext2 na ext3 nyingi zilizoko makabatini, hawataweza kuandika tarehe sahihi baada ya asubuhi ile, ambayo nikijaliwa kuiona nitakuwa nakaribia miaka tisini.

Amri ya kuwasaidia ipo. Katika madaftari hayo ya zamani tune2fs inaweza kuzipanua inodi kutoka baiti 128 hadi 256, mafaili yakiwa humohumo. Inataka e2fsck itangulie kukagua, na wenyewe wanashauri pawepo nakala pembeni, kwa maana jedwali zima la inodi huandikwa upya na kazi ikikatizwa katikati mafaili yanaweza kupotea. Huchukua muda mrefu. Haifai kuanzwa alasiri ya mvua.